Mwanafunzi kafika chuoni na mapengo, mwalimu naye asome nini? Maswali ninayoulizwa sana Mombasa

Nafundisha hesabu za umeme kwa wanafunzi wa stashahada. Tangu nimalize masomo yangu ya uzamili ya ufundishaji wa vyuo, wenzangu hunishika mkono popote tunapokutana, iwe kwenye feri ya Likoni au kwenye foleni ya chai, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu.

Haya masomo ni ya nini hasa?

Shahada uliyo nayo ilikufunza umeme, uhasibu, uuguzi au upishi. Haikukufunza cha kufanya ukisimama mbele ya watu arobaini ambao nusu yao hawawezi kujumlisha sehemu. Masomo haya yanahusu kazi hiyo: namna ya kumfundisha mtu mzima aliyekwisha kuingia chuoni lakini msingi wa kusoma, kuandika au kuhesabu haujakaa sawa.

Marekani ndiko taaluma hii ilikopata jina lake, developmental education. Usiichanganye na masomo ya maendeleo ya nchi. Mwenzangu mmoja alituma maombi kwa kosa hilo na akajikuta anasoma mambo ya misaada na madeni. Mwaka 1970 chuo kikuu cha jiji la New York, CUNY, kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari jijini humo. Walimu wakajikuta na wanafunzi ambao hawakuwa wamejiandaa kuwafundisha. Mwaka 1976 kukaanzishwa kituo cha kitaifa cha elimu hiyo katika Appalachian State University, North Carolina, kwa fedha za Kellogg Foundation, na kuanzia 1980 walimu wa vyuo wakawa wanakwenda huko majira ya kiangazi kunolewa.

"Mwenye mapengo" ni nani? Si wale walioanguka KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tunapoanza vibaya.

Kwetu Kenya shahada ya kwanza hutaka C+, stashahada hutaka C-, na cheti cha ufundi D. Kwa hiyo darasa la stashahada ni darasa la watu ambao mtihani umekwisha kuwaambia kwamba hawakutosha. Wanaingia wameinama. Lakini alama haikwambii pengo liko wapi. Nimepata kijana wa C- kutoka Kwale ambaye algebra yake ilikuwa safi, kilichomwangusha ni Kiingereza. Nimepata binti wa B- aliyekariri fomula zote wala hakujua hata moja inatoka wapi. Na yupo mzee, mimi humwita baba, aliyefanya kazi bandarini zaidi ya miaka kumi na mitano kabla ya kurudi darasani. Mota inayogoma huisikia kwa sauti tu, ila mara ya mwisho kushika kikokotoo ilikuwa enzi za Moi. Hao watatu ukiwapa somo moja la marudio utakuwa umewapotezea muda wote watatu.

Pengo ni kitu ambacho mtu hakufunzwa, au alifunzwa vibaya, au alifunzwa zamani akasahau. Hilo haliwi ujinga. Jina tunalowaita huwa linatupangia na tutakavyowafundisha.

Mimi nina uzamili wa uhandisi tayari. Kwa nini nirudi shule?

Huenda huna haja. Lakini hebu sikiliza kisa hiki kwanza.

Nilimpa mwanafunzi nusu kujumlisha theluthi. Akaandika mbili ya tano. Kwa miaka mingi jibu kama hilo nililipiga alama nyekundu ya kosa, nikaandika "soma tena", tukaendelea mbele. Baada ya masomo nilimwuliza amefikaje. Akanieleza bila kusita: juu kwa juu, moja na moja mbili, chini kwa chini, mbili na tatu tano. Ana kanuni kamili kichwani, na kanuni hiyo humletea jibu lile lile kila mara. Ningemwambia "soma tena" mara mia, angeisoma tena kanuni yake.

Nikamwambia, "Una nusu ya mkate wa sinia. Nimekuongeza theluthi. Sasa una mbili ya tano. Ni zaidi ya nusu au chini ya nusu?" Akakaa kimya, kisha akacheka. "Mwalimu, umenidhulumu mkate wangu." Kuanzia hapo tukaweza kuzungumza juu ya vipande vinavyolingana ukubwa, na siku iliyofuata akaweza kujumlisha vikinzani (resistors) viwili vilivyounganishwa sambamba, jambo ambalo lisingewezekana bila sehemu.

Uhandisi wangu haukunifunza kuuliza swali lile. Nililipata kwenye masomo haya, na kama ningepaswa kulipa ada yote kwa ajili ya swali hilo moja ningelipa.

Wanafundisha vitu gani humo?

Hutofautiana, lakini nguzo ni hizi: jinsi mtu mzima anavyojifunza, mafundisho ya kusoma na kuandika katika kiwango cha chuo, mafundisho ya hesabu za msingi, namna ya kupima mwanafunzi anapoingia, namna ya kutathmini programu nzima, takwimu na utafiti. Kisha mazoezi katika darasa lako mwenyewe. Takwimu huwatoa watu jasho. Mimi pia.

Sehemu iliyonigusa ni uchambuzi wa makosa. Kuna mwalimu wa City College huko New York, Mina Shaughnessy, aliyekaa na insha zipatazo 4,000 za wanafunzi wapya, za kati ya 1970 na 1974, akizisoma si kwa kutafuta alama bali kwa kutafuta mantiki ya makosa. Alichoonyesha ni kwamba makosa yana mpango. Mwandishi mchanga hukosea kwa sababu, na sababu hiyo ikijulikana hufundishika.

Jaribu hilo na insha za hapa kwetu. Mwanafunzi anaandika juu ya mamake na kumwita "he" ukurasa mzima. Mwalimu wa Kiingereza hukasirika. Lakini Kiswahili hakibagui: *amekuja* ni mama, ni baba, ni paka. Mwanafunzi huyu hajakosa akili. Lugha yake haijawahi kumdai habari hiyo. Ukimwonyesha hivyo kwa dakika kumi, na kumpa kazi ya kuzungushia duara kila kiwakilishi kabla ya kuwasilisha, utaona tofauti ambayo kalamu nyekundu haikuleta kwa muhula mzima.

Nimesikia juu ya wanafunzi kufundishana. Si ni uvivu wa mwalimu huo?

Ukifanywa ovyo, ndiyo.

Mfumo unaojulikana zaidi ulianzia chuo kikuu cha Missouri mjini Kansas City mwaka 1973, ukibuniwa na Deanna Martin. Ujanja wake uko mahali pamoja: haumlengi mwanafunzi dhaifu, unalenga somo gumu. Wanachukua somo ambalo watu wengi huanguka, wanamtafuta mwanafunzi aliyelifaulu, wanamlipa akae tena kwenye mihadhara ile ile na kuongoza vikao vya ziada kila wiki. Yeyote anaweza kwenda, mwenye A na mwenye D. Kwa hiyo hakuna anayeona aibu kuonekana mlangoni. Kiongozi hatoi mhadhara wa pili. Huwauliza wenzake maswali, hulinganisha daftari zao, huwaonyesha alivyojipanga mwaka jana.

Sisi watu wa Pwani jambo hili si geni hata kidogo. Waliosoma chuo, namaanisha chuo cha Qurani, wanakumbuka: mwalimu anakusikiliza peke yako, hupiti sura ya pili hujaiweza ya kwanza, na mkubwa anamsomesha mdogo pembeni. Hakuna aliyeuita utaratibu ule uvivu. Tulipoingia sekondari tukaacha yote hayo mlangoni pamoja na viatu.

Nisome wapi?

Hapa nitajibu kwa urefu kidogo maana watu wengi hupoteza pesa.

Nchini, usitafute shahada yenye jina hili hasa. Ukiwa mkufunzi wa ufundi, njia ya kwanza ni ualimu wenyewe. Kenya School of TVET kule Gigiri, Nairobi, ambayo zamani ilikuwa Kenya Technical Trainers College, ndiyo iliyoandaa wakufunzi wengi wa nchi hii, na chini ya sheria ya TVET, yaani elimu na mafunzo ya ufundi, ya 2013 mkufunzi anatakiwa awe amesajiliwa. Kama huna hilo, lianze kabla ya kuota uzamivu wa Marekani. Baada ya hapo unaweza kusoma uzamili wa elimu katika chuo kikuu chochote kilicho karibu, mathalani Pwani University kule Kilifi au vyuo vyenye matawi mjini Mombasa, ukachagua mitaala, saikolojia ya elimu au upimaji, kisha ukaelekeza tasnifu yako kwa wanafunzi wenye mapengo. Jina la shahada litakuwa la kawaida, lakini utafiti utakuwa ule unaoutaka. Mimi naona njia hii inadharauliwa bila sababu.

Afrika Kusini wana kitu kilicho karibu zaidi na mahitaji yetu. Vyuo vyao kadhaa, Rhodes University kikiwa kimojawapo, hutoa stashahada ya uzamili ya elimu ya juu kwa wahadhiri walioko kazini. Unasoma kidogo kidogo huku ukiendelea na kazi, na kazi unazopimwa nazo zinatokana na darasa unalofundisha. Wale pia wana uzoefu mrefu wa mtaala uliorefushwa, yaani shahada ya miaka mitatu kufanywa minne ili msingi ujengwe ndani ya shahada yenyewe. Historia iliyowasukuma huko ni ya ubaguzi wa shule, na inafundisha mengi kwa yeyote aliyewahi kulinganisha shule ya bara yenye maabara na shule ya Ganze, kule Kilifi, isiyo na maji.

Marekani ndiko utakakokuta jina lenyewe kwenye cheti. Texas State University, mjini San Marcos, iliweka uzamili na uzamivu wa fani hii. Grambling State University ya Louisiana, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi, ilikuwa na shahada ya udaktari ya fani hii tangu miaka ya 1980. Sam Houston State University, pia ya Texas, iliandaa udaktari wa upande wa uongozi wa programu hizi. Programu za aina hii hufunguliwa na kufungwa kadiri siasa za elimu zinavyobadilika, kwa hiyo kabla ya kununua hata stempu waandikie barua uulize kama wanapokea wanafunzi mwaka huo.

Popote utakapokwenda nje, uliza mapema jinsi shahada hiyo itakavyotambuliwa na kulinganishwa hapa nchini. Uliza kabla ya kulipa, si baada ya kuvaa joho.

Stashahada ya uzamili, uzamili au uzamivu?

Kama unataka kufundisha vizuri zaidi: stashahada ya uzamili. Kama unataka kuongoza idara au kubuni kozi: uzamili. Kama unataka kufanya utafiti au unafundisha chuo kikuu: uzamivu, na hapo huna hiari sana.

Jambo hili lina historia yake hapa mjini. Chuo kile cha Tudor kilipokea wanafunzi 1951 kikiitwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa kazi ya kufunza ufundi. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 kikapewa hati ya kuwa Technical University of Mombasa. Vyuo vya namna hiyo vinapopanda daraja, walimu wake hutakiwa kupanda navyo, na kupanda kwenyewe hupimwa kwa uzamivu wa fani. Mtu husoma miaka mitano juu ya aloi za chuma, akarudi darasani kwa mwanafunzi yule yule asiyejua desimali. Sisemi aloi si muhimu. Nasema ngazi yetu ya vyeo haijawahi kuuliza habari za yule mwanafunzi.

Ada itatoka wapi, na muda je?

HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutoa mikopo ya masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza. Kwa nje, tazama Fulbright kwa Marekani na ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza. Maombi yao huuliza utafanya nini ukirudi, na mwalimu wa chuo mwenye darasa halisi ana jibu ambalo mwombaji wa kawaida hana. Litumie.

Muda ni mgumu kuliko pesa. Nilisoma usiku baada ya watoto kulala, na mchana kwenye matatu ya Kisauni nikisikiliza mihadhara niliyopakua kwa intaneti ya chuo. Mume wangu alijifunza kupika pilau mwaka huo. Kwa kweli alijifunza kuiunguza.

Ni kweli Wamarekani wenyewe wameziacha kozi za marudio?

Kwa sehemu kubwa wamezibadilisha, na yeyote anayetaka kusoma fani hii lazima aujue ugomvi huo, la sivyo atarudi na dawa iliyokwisha muda.

Mtindo wa zamani ulikuwa hivi: unaingia chuo, unapewa mtihani wa kompyuta, unaambiwa hesabu zako ziko ngazi tatu chini. Unasoma kozi tatu mfululizo, unalipia, wala hazihesabiwi kwenye shahada. Sasa piga hesabu. Tuseme kila ngazi wanafaulu 70 kwa 100. Watu 100 wakianza, ngazi ya kwanza wanabaki 70, ya pili 49, ya tatu 34. Hapo sijatoa wale waliofaulu ngazi moja kisha hawakurudi muhula uliofuata kwa sababu ya kazi, mimba au nauli. Watafiti wa huko, hasa wa kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii (community colleges) katika chuo kikuu cha Columbia, walionyesha kwamba wengi waliopelekwa ngazi za chini hawakufika kamwe kwenye kozi yenyewe.

Mwaka 2017 California ikapitisha sheria, AB 705, inayovitaka vyuo vya jamii vitumie alama za sekondari kumpanga mwanafunzi na kumpa nafasi nzuri kabisa ya kumaliza hesabu na Kiingereza cha kiwango cha chuo ndani ya mwaka mmoja. Badala ya kusubiri, mwanafunzi huingizwa kwenye kozi halisi moja kwa moja, na msaada huwekwa pembeni yake wiki hiyo hiyo.

Wapo walimu wa huko wanaolalamika kwamba wale walio chini kabisa wametupwa kwenye kilindi bila boya. Nadhani wana hoja. Lakini kwetu somo ni wazi: ukianzisha "muhula wa msingi" Mombasa, usio na cheti, unaolipiwa, utawapoteza watoto wa Likoni na Changamwe kabla hawajagusa waya. Mimi nafundisha sehemu siku ya Jumanne kwa sababu Alhamisi tunazihitaji kwenye vikinzani sambamba. Hatujawahi kuwa na muhula wa sehemu.

Nifundishe kwa Kiswahili?

Mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo hatima ni Kiingereza. Njiani, tumia kila kitu. Ila usidhani istilahi ya Kiswahili itarahisisha mambo yenyewe kwa yenyewe. Niliwahi kuingia darasani kwa fahari na neno "ukinzani", yaani resistance. Walinitazama kama nimewasomea mashairi ya kale. Kilichofanya kazi ni maji: wote wanajua mfereji unaotoa matone na mkokoteni wa mitungi. Bomba jembamba, presha ile ile, maji machache. Kisha tukaiandika V = IR, yaani volti ni mkondo mara ukinzani, kisha tukajifunza kuitoa R upande wake. Hilo la mwisho ndilo pengo kubwa kuliko yote niliyokutana nayo: wanaijua fomula kwa moyo, hawawezi kuigeuza.

Mtaala mpya hautatumalizia tatizo hili?

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBC) waliingia gredi ya kumi Januari 2026, na watamaliza sekondari ya juu mwishoni mwa 2028. Watatubishia hodi 2029. Hesabu zao ni za aina mbili: za kina kwa walio mkondo wa sayansi na teknolojia, na za msingi kwa wengine. Sasa fikiria aliyechagua sanaa akiwa na miaka kumi na mitano, akifika miaka ishirini anataka uhasibu au ufundi wa majokofu kwa sababu ndiko kwenye kazi. Pengo litakuwepo, umbo lake tu ndilo litakalobadilika. Anayeanza uzamili sasa atamaliza wakati mzuri.

Nitapandishwa cheo?

Pengine la. Uliza idara ya wafanyakazi kabla, upate jibu kwa maandishi.

Mkuu wangu asema hii ni kazi ya shule za sekondari, si yetu.

Ana haki ya kukasirika. Lakini usibishane naye juu ya nani alaumiwe, maana hamtamaliza. Mpelekee orodha ya somo moja: wangapi walijiandikisha, wangapi walifanya mtihani, wangapi walifaulu, na wangapi wamelipia kulirudia. Wakuu wa vyuo husoma safu ya ada kwa makini sana.

Sina pesa wala nafasi mwaka huu. Nianzie wapi?

Anza na karatasi moja. Wiki ya kwanza ya muhula, toa maswali matano yanayohitajika kweli katika somo lako, kama sehemu, desimali, kugeuza fomula, kusoma jedwali, na aya moja ya maelezo. Usiweke alama wala usiseme ni mtihani. Waambie waandike njia yote, hata waliyoikata. Kisha kaa nazo jioni moja ukitenganisha marundo kwa aina ya kosa, si kwa idadi ya makosa. Mara ya kwanza nilipata marundo manne, na la nne lilikuwa la wanafunzi sita walioacha karatasi tupu. Hao nilianza nao kwa kuwaita mmoja mmoja, bila karatasi.